Mitungi ya Wimbi Darini

Nilipoolewa nilikuta mitungi mitatu darini, juu ya mafiga. Ilikuwa mikubwa, na midomo yake ilikuwa imezibwa kwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu. Nyumba ilikuwa mpya. Hakuna mtu aliyekuwa amepika ndani yake, na moto wa kwanza niliuwasha mimi, nikiwa nimeinama sana ili wanawake waliokuja kunitazama wasinione uso.

Walipoondoka, mama mkwe alibaki ameketi karibu na mlango, mguu wake wenye maumivu ameunyoosha mbele. Aliona macho yangu yanapanda darini.

"Hicho si chakula," alisema.

"Ni nini, mama?"

"Ni wimbi."

Nilimtazama yeye, nikaitazama tena mitungi. Akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Ni wimbi, lakini si chakula. Chakula ni kile cha shambani na kile cha ghalani. Hicho cha juu ni cha njaa. Ukiona kimeshuka, ujue tumekwisha kujaribu mambo mengine yote."

Wimbi lile lilikuwa la baba mkwe. Kwetu mzee huwa na sehemu yake ya shamba, mbali na ile ya mke wake, na kinachotoka huko hakiliwi ovyo. Wimbi likikaushwa vizuri na kufungwa vizuri hukaa miaka bila kuingia mdudu. Mahindi hayawezi. Kwa majirani wengine wimbi la namna hiyo lingeishia kwenye pombe, lakini nyumba yetu ilikuwa ya Wasabato, hakuna aliyepika pombe wala aliyekunywa, basi likabaki limelala tu.

Namna lilivyofika darini kwangu ilikuwa kosa la mzee mwenyewe. Ghala lake la zamani lilikuwa limeliwa na mchwa. Wakati huo huo mume wangu alikuwa amemaliza kujenga nyumba yake, na mipango ya kunioa ilikuwa ingoje mavuno. Mzee akaona hapo pana nafasi. Akapanda darini kwa mwanawe, akaipanga mitungi yake, akashuka akiwa ameridhika. Alitaka ikae hapo mpaka ajenge ghala jipya. Wiki ile ile mume wangu akanileta kutoka kwetu Marani. Hatukungoja mavuno. Sitaeleza zaidi, vijana wengi walifanya hivyo, na wazee wakakutana baadaye wakaelewana.

Lakini nilipovuka kizingiti, nyumba ile ilifungwa kwa baba mkwe. Kwetu baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Si ugomvi, ni heshima. Hata mvua inyeshe namna gani, atasimama chini ya upenu mpaka ipite. Yeye na mkamwana hawapeani mikono. Kuzungumza wanaweza, lakini kwa umbali na kwa maneno machache, na mimi hata hayo machache yalinishinda. Nikimwona anakuja upande wangu nilikuwa naingia ndani na kujifanya napuliza moto.

Angeweza kumwambia mume wangu aishushe mitungi. Nadhani aliona aibu kusema wazi kwamba amejifungia nje ya wimbi lake. Baada ya siku chache mume wangu alirudi kazini kwenye mashamba ya chai huko Kericho, na mzee akaanza kusema kwamba aliipanga pale makusudi, ili moshi wa mkamwana uihifadhi. Jirani mmoja, mzee mwenzake, alikuwa akipita njiani anamwita kwa sauti:

"Wewe! Umempa mkamwana tumbo lako alikalie?"

"Pita huko na kiu yako!" mzee alimjibu. "Nyinyi wimbi lenu mlikwisha kulikojoa."

Nyumbani tulikuwa watu wanne: wazee wawili, mimi, na wifi yangu kitindamimba, aliyekuwa akisoma shule ya msingi hapo karibu. Wengine walikuwa wameoa na kuolewa mbali. Wifi alikuwa na maneno ya kutosha watu wawili, na ilikuwa heri, maana aliyasema na yangu. Mama mkwe akiuliza kama chumvi imekwisha, wifi alinitazama usoni, kisha anajibu, "Anasema imebaki ya leo." Jioni alikuja kwangu na vitabu vyake, akakaa upande wa mwanga wa moto, akasoma kwa sauti mpaka nikajua masomo yake kuliko nilivyoyajua nilipokuwa shuleni mwenyewe. Nilifika darasa la saba tu. Bila yeye sijui ningeishi vipi katika nyumba ile. Huenda ningesahau kusema.

Chakula cha njaa hakikuwa kigeni kwangu. Nilipokuwa mtoto mdogo huko Marani kulikuwa na mwaka ambao watu walipanga foleni kwa chifu kupewa mahindi ya manjano. Sikumbuki njaa yenyewe vizuri, nakumbuka rangi ya ugali. Tulidhani mama ametia kitu. Wanaume walisema ni chakula cha kuku na wakakila. Mama alikuwa akipokea sehemu yetu, anaifunga, anaiweka chini ya kitanda, halafu anatutoa kwenda shambani kutafuta viazi vitamu vilivyosahauliwa ardhini, majani ya maboga, na ndizi zilizoanguka. Kaka yangu mkubwa alilalamika.

"Mama, chakula kipo chini ya kitanda na sisi tunachimbua kama fuko!"

"Kile hakiozi," mama alimjibu. "Hiki kinaoza. Tunakula kinachooza kwanza."

"Na kile tutakula lini?"

"Nikikwambia."

Mama hakuwahi kula mahindi yale peke yake. Kila mara aliyachanganya na kitu, hata kama ni kidogo. Alisema yaliletwa kutuvusha, si kutunenepesha, na mtu akiyala kama chakula cha kawaida yatakwisha kabla hajavuka. Wengine waliyapika yote siku ile ile ya kupewa, wakashiba jioni moja, wakaanza kuja kwetu kuomba. Mama aliwapa. Hiyo nayo ilikuwa ndani ya hesabu yake.

Mwaka wa tatu wa ndoa yangu ilikuja mvua ya mawe. Upande wetu wa Nyamira mawe si ajabu, huja na kuondoka, yakavunja majani mawili matatu. Siku hiyo yalikuja alasiri, mahindi yakiwa yametoa maua juu. Tulisikia mlio kutoka upande wa kilima, kama lori linamwaga changarawe, kisha hatukusikiana tena. Wifi alikuwa amerudi kutoka shuleni. Alikaa chini ya meza yangu akiimba wimbo wa kanisa kwa nguvu zake zote, na mimi niliona mdomo unafunguka tu.

Yalipokwisha, uwanja ulikuwa mweupe. Kuku wawili walikuwa wamekufa. Mahindi yalisimama kama vijiti. Wimbi la shambani lilikuwa limelala matopeni. Michai ilibaki matawi, na migomba ilikuwa imechanwachanwa na kuvunjika, mikungu mibichi imetapakaa chini kila mahali. Baba mkwe alitembea shambani polepole, mikono nyuma, akaenda mpaka mwisho na kurudi. Mama mkwe ndiye aliyesema.

"Leteni hao kuku wachemshwe kabla hawajaharibika."

Tukala kuku, tena siku ya kawaida. Wifi aliuliza kama kesho mawe yatanyesha tena, akapigwa kofi la mgongo, lakini la polepole.

Siku iliyofuata mzee alikuja nyumbani kwangu. Nilimwona anavuka uwanja, nikaingia ndani. Hakusimama mlangoni, alizunguka mpaka ukuta wa nyuma, akasimama chini ya upenu, mahali ambapo udongo wa ukuta haukufika kwenye paa na sauti hupita.

"Mkamwana," alisema.

Sikujibu. Wifi, aliyekuwa nami, akajibu, "Yupo, Tata." Ndivyo tunavyomwita baba katika lugha yetu.

"Mwambie apande juu na mwiko. Agonge mitungi, mmoja mmoja, kwa tumbo, si kwa mdomo. Mimi nasikiliza."

Nikapanda ngazi ya miti. Wifi alishika ngazi huku akicheka bila sauti. Nikagonga mtungi wa kwanza.

"Tena," sauti ya mzee ilisema kutoka nje.

Nikagonga.

"Huo umejaa. Wa pili."

Nikagonga wa pili.

"Huo pia. Nao ni mzuri kuliko wa kwanza, ulikauka sana. Wa tatu."

Nikagonga wa tatu. Ulitoa sauti nzito, kama mtu aliyegongwa akiwa na blanketi.

"Tena."

Niligonga tena. Wifi aliacha kucheka.

"Huo una maji," mzee alisema.

Nilipoinua macho niliona mwanga. Mawe yalikuwa yametoboa nyasi za paa pale juu, mahali palipoezekwa haraka, na maji yalikuwa yamepita yakaingia kwenye mtungi, kizibo kimelainika kama uji. Nikatia mkono. Wimbi la juu lilikuwa limevimba, lile la katikati limeshikana na kunuka. Nikachota katika ungo nikamwonyesha wifi, wifi akatoka nalo kwa baba yake. Niliwasikia nyuma ya ukuta.

"Lote?"

"Anasema karibu lote, Tata."

"Amesema kweli au wewe ndiye umesema?"

"Yeye amenitazama tu. Lakini amenitazama hivyo."

Mzee akaguna, akaondoka.

Jioni waliketi nje ya nyumba kubwa, yeye na mama mkwe, na mimi nilikuwa nikimenya viazi nyuma ya jiko lao. Hawakujificha. Mzee alisema hesabu yake ilikuwa ya mitungi mitatu: miwili ya kula mpaka viazi na maharagwe ya kupandwa upya yafike, na mmoja wa mbegu na wa dharura nyingine. Sasa imebaki miwili. Mbegu haiguswi, hilo hata hawakulijadili. Basi wa kula umebaki mmoja na kitu kidogo, na mtungi mmoja kwa watu wanne hautafika.

"Kwa watatu utafika," alisema.

Mama mkwe akasema kwamba dada ya mzee, shangazi wa huko Keroka, alikwisha kuomba msichana mara nyingi wa kumsaidia dukani na kumshikia mtoto. Kule kula hakuna shida.

"Na shule?"

"Atarudi mwaka mwingine."

Wote wawili walijua hatarudi. Msichana akitoka darasa la saba kabla ya mtihani, akaenda kushika mtoto wa watu na kupima sukari dukani, mwaka mwingine huwa na mambo yake. Mimi nilijua wasichana watatu wa kwetu waliokwenda hivyo. Nilimenya viazi vyote, nikavimenya na ambavyo havikuhitaji kumenywa.

Wifi alipoambiwa hakulia. Alikuja kwangu na vitabu, akavifungua, akavifunga.

"Wifi, Keroka kuna sinema?"

Nilitikisa kichwa.

"Basi nakwenda kufanya nini?"

Asubuhi iliyofuata nilichukua kikapu nikaenda kwenye migomba. Sikumwomba mtu ruhusa, kwa sababu kuomba kungehitaji maneno. Nilikusanya ndizi zilizoanguka, mbichi zote, hata zile ndogo kama vidole vya mtoto. Jirani mmoja, mwanamke mwenye mdomo, aliniona.

"Unapeleka sokoni? Usijisumbue. Mume wangu ametoka soko la Daraja Mbili jana, ndizi zimejaa mpaka watu wanazikanyaga. Mpe ng'ombe."

Nilitabasamu, nikaendelea kuokota.

Nilizichemsha kidogo tu, ili maganda yalegee, nikazimenya, nikazikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba. Mama yangu alifanya hivyo mwaka wa mahindi ya manjano. Jua la baada ya mvua ya mawe lilikuwa kali, bahati yetu. Vipande vikikauka vilikuwa vyeusi kidogo, vigumu, vinalia kama vigae. Wifi aliporudi shuleni alikuja kunisaidia kugeuza. Mama mkwe alikuja akichechemea, akachukua kipande, akakiuma, akakitazama.

"Mtavunja meno."

"Anasema ni vya kusaga," wifi alisema, ingawa sikuwa nimesema.

Mama mkwe alirudi kwake. Baada ya muda mfupi alituma kisu chake kile kikali, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Tulikausha kila ndizi iliyoweza kukauka. Zilizoanza kuiva tulizila hapo hapo, asubuhi na jioni, mpaka tukachoka kuzitazama. Viazi vilivyokuwa ardhini tulivichimba kadiri tulivyohitaji. Tulikula maboga na mboga za majani, na wimbi bado halijashuka. Lile la mtungi ulioharibika, la juu lililokuwa limeota tu bila kunuka, nilianika likawa kimea, na kidogo chake kikitiwa ndani ya uji kiliufanya uwe mtamu. Yule mzee wa njiani alisikia habari hiyo.

"Kimea!" alipiga kelele. "Wasabato, Mungu mwenyewe amewapikia pombe, na nyinyi mnatia kwenye uji!"

Baba mkwe alirusha bua la muhindi kumfukuza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu siku ya mawe.

Kisha shangazi akaja kutoka Keroka kumchukua wifi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya soko, na alikuja na mkate na sukari katika karatasi, akavitoa mbele ya kila mtu. Alikuwa mgeni, tena dada ya mwenye nyumba. Mgeni wa namna hiyo kwetu hupewa ugali wa wimbi, mwekundu, uliosongwa vizuri. Kumpa kitu kingine ni kumwambia asirudi. Mama mkwe alinitazama, akainua kidevu kuelekea nyumba yangu, maana yake: shusha.

Nilipanda darini nikafungua mtungi wa kwanza. Harufu yake ilikuwa nzuri, kavu, kama siku ambayo lilivunwa. Niliteka bakuli dogo, lililojaa mpaka ukingoni, hapo nikaziba tena. Nilisaga juu ya jiwe, nikasaga na vipande vya ndizi, unga wa ndizi ukiwa mwingi kuliko wa wimbi, nikachanganya. Ugali ulikuja mweusi zaidi kuliko kawaida, laini, unavutika. Nikaupeleka na mboga na maziwa ya mgando.

Shangazi alikata tonge, akalitazama kwenye mwanga.

"Huu ni ugali au ni udongo wa kukandika nyumba?"

Mama mkwe alifunika uso kwa kitambaa. Mimi nilikuwa mlangoni, nataka ardhi ipasuke. Shangazi akatia mdomoni, akatafuna, akameza. Akakata tonge lingine. Hakusema tena mpaka alipofika katikati ya sahani.

"Una utamu," alisema. "Unakaa tumboni?"

"Unakaa," wifi alijibu. "Ukila huu asubuhi, mpaka jioni unausikia bado."

"Wewe nyamaza, sikukuuliza. Unapakia vitu vyako au hupakii?"

Wifi aliinuka. Alienda kuchukua nguo zake, na alizikunja polepole sana kwa mtu mwenye nguo chache.

Baba mkwe alikuwa amekula peke yake chini ya mti wa uwanjani, kama ilivyokuwa desturi yake, na sahani yake ilikuwa tupu. Alisimama. Alikuja mpaka katikati ya uwanja, akasimama pale, akitazama upande wa zizi la ng'ombe ili asinitazame mimi.

"Mkamwana."

Nilimtafuta wifi kwa macho. Alikuwa ndani na nguo zake.

"Nakuuliza wewe. Ulishusha kiasi gani leo?"

Nilionyesha bakuli, kisha nikakumbuka haangalii huku.

"Bakuli dogo moja, Tata," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Kwa watu watano?"

"Ndiyo, Tata."

"Na mengine ni nini?"

"Ndizi. Zile za mawe."

"Zimebaki?"

"Magunia mawili, na nyingine ziko juu ya mwamba."

Aligeuka akatazama zizi tena. Shangazi aliacha kutafuna. Mimi nilikuwa nashika mlango kwa mikono miwili.

"Lile la darini," mzee alisema, "litafika?"

Nilijua anauliza nini. Na nilijua kwamba wifi akija kujibu badala yangu, jibu lake halitahesabika, kwa kuwa ni yeye anayezungumzwa.

"Litafika, Tata," nilisema. "Na yeye akiwemo. Tukilichanganya, na tusilishushe kila siku. Ni la kufikisha, si la kushiba. Watu wataona njaa kidogo. Lakini litafika."

Mama mkwe alikuwa ameondoa kitambaa usoni. Nadhani alikuwa hajanisikia nikisema maneno mengi hivyo kwa wakati mmoja tangu nije.

"Kumbe ana mdomo!" shangazi alisema. "Mlisema mmeoa bubu."

"Hakuna aliyesema bubu," mama mkwe alijibu. "Tulisema mpole."

"Basi huyo mpole amenikosesha yaya." Shangazi alikata tonge la mwisho, akapangusa sahani. "Msichana, acha kukunja hizo nguo. Njoo uchukue huu mkate, ule na maji ya sukari, maana naona utakula udongo mpaka mwisho wa mwaka. Nami mnifungie unga kidogo nikawaonyeshe watu wa Keroka."

Tulimfungia unga wa ndizi. Wa wimbi hatukumfungia, na hakuuliza.

Njaa kidogo niliyoisema ilikuja kweli. Kuna mambo ambayo chakula cha namna ile hakiwezi, hata kikipangwa vizuri. Kilituweka hai na kwenye miguu, lakini jembe lilikuwa zito kuliko kawaida, na saa ya mchana kila mtu alikaa kimya ili asiseme neno baya. Mama mkwe alimgombeza paka kwa kulala. Baba mkwe alikuwa anasema ameshiba wakati sahani bado ina kitu, anaisukuma upande wa binti yake na kwenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuhitaji kuangaliwa. Wifi alisema anaota maandazi. Ijumaa, tulipopika cha Sabato ili kesho yake jiko lipumzike, ilikuwa vigumu kupita karibu na sufuria bila kufunua kifuniko, na mimi mwenyewe nilifunua mara moja, nikanusa, nikafunika.

Wageni walikuja pia, kama wanavyokuja siku zote. Mitungi haijui wageni. Mama mkwe aliwapa uji na kuwaambia waziwazi, "Leo ni kunywa, kula ni mavuno." Wengine walicheka, mmoja alinuna.

Lakini siku nzuri zilikuwa nyingi kuliko hizo mbaya. Tulipanda maharagwe mara ya pili na yakaota yote. Mume wangu alikuja likizo akaziba tundu la paa, na akauliza kwa nini mke wake anazungumza na baba yake kupitia ukuta kuhusu unga. Kwa kweli tulikuwa tumezoea. Asubuhi mzee alipita chini ya upenu, akikohoa kwanza ili nijue. "Leo?" alikuwa akiuliza. "Leo viazi, Tata," nilijibu, au "Leo bakuli." Wifi alinung'unika kwamba hana kazi tena.

Viazi vipya vilikuja kabla mtungi wa kwanza haujaisha. Vilikuwa vidogo, vyenye maji, na tulivila kama watu wa harusi. Wa mbegu haukuguswa.

Siku ya mtihani nilimpikia wifi viazi na uji, akaondoka mapema na penseli mbili na rula ya kuazima. Mama mkwe alimpaka mafuta miguuni mpaka ikang'aa. Baba mkwe alisimama njiani akijifanya anatengeneza ua, akamwambia asome swali mara mbili kabla ya kujibu, jambo ambalo hata mwalimu hakumwambia kwa ukali ule. Mchana kutwa tulipalilia mahindi mapya bila kuzungumza, na kila mmoja wetu alikuwa anainua kichwa kutazama njia.

Alirudi jioni, vumbi mpaka magotini, akaja moja kwa moja kwangu. Aliketi karibu na moto akaanza na swali la kwanza la hesabu, akaja la pili, akanieleza alivyojibu na alivyofuta na alivyojibu tena, na msimamizi alivyokuwa na viatu vinavyolia, na msichana wa mbele aliyetaka kuchungulia. Huku anakula. Nilimwongezea mara mbili, hakuona. Aliendelea kusema mpaka sufuria ikawa tupu, nami nikamsikiliza.